Diski Iliyopakwa Liwa

Kanmani aliikuta diski yake ya kompyuta mbele ya sanamu ya Saraswati, mungu wa kike wa elimu, katikati ya bisibisi na koleo za mumewe, imepakwa mistari mitatu ya liwa, ikatiwa tone la unga mwekundu na kuvishwa ua la manjano. Alisimama mlangoni na ndoo mkononi. Alikuwa ametoka kupiga deki chumba chake kipya, kile cha chini kwenye kona ya mtaa, ambacho kesho asubuhi kingefunguliwa rasmi kuwa karakana ya kudarizi. Ndoo akaiweka chini polepole.

"Mama," alimwita mama mkwe wake. "Hii nani ameileta hapa?"

Visalakshi hakugeuka. Alikuwa anapanga bisi za mchele kwenye sinia, na akiwa kwenye kazi ile hapendi kuulizwaulizwa. Alijibu kwamba ameileta yeye, tena alihangaika kuitafuta, maana ilikuwa imetupwa chini ya rundo la vitambaa bila heshima yoyote. Si leo ni Ayudha Puja? Si kila chombo kinachomlisha mtu huoshwa, kikapakwa liwa, kikalazwa mbele ya mungu mpaka kesho, na hakuna mkono wa kukigusa? Basi hicho kidude ndicho kinachomlisha Kanmani, kwa nini kikose baraka wakati hata kisu cha vitunguu kimepata?

Hoja ilikuwa nzuri. Ubaya ni kwamba mama huyu hajui kufanya kitu nusunusu. Wengine hugusisha liwa juujuu na kupita. Yeye aliinyunyizia diski maji ya manjano, akaikandika liwa pande zote nne, na alipoona kitundu cha kuchomekea waya akadhani ni mdomo, akakijaza vizuri kwa kidole kidogo.

Ndani ya diski ile mlikuwa na kazi yote ya Kanmani tangu aolewe. Tausi, tembo, kasuku, minara ya hekalu, mashada ya jasmini, kila kimoja amekichora mwenyewe kwenye kompyuta, nukta kwa nukta, mpaka cherehani ya kudarizi ielewe pa kuchoma sindano. Wenye maduka makubwa hununua nakshi zilizokwisha chorwa na watu wa mbali, ndiyo maana blauzi za maharusi wote wa Chennai zinafanana. Za Kanmani hazifanani na za mtu. Kesho saa tatu mama wa bibi harusi anatoka mji wa Salem kuja kuchagua, na akichagua, kazi ya harusi nzima ni yake. Usiniulize kwa nini mke wa fundi kompyuta hakuwa na nakala ya pili. Kamuulize daktari wa meno anapiga mswaki mara ngapi.

Kanmani akaiokota diski. Visalakshi akamwambia airudishe, imelala.

"Nitaiamsha kidogo tu nione kama ni nzima, halafu nitairudisha ilale."

"Kanmani, usiniletee mkosi."

Hakusikia. Aliipangusa kwa ncha ya sari, akafunua kompyuta iliyokuwa imevishwa shada, akachomeka waya. Taa ya buluu iliwaka mara moja, ikazima. Chumba kikanuka plastiki iliyoungua, hata udi haukuweza kuificha harufu ile.

Sasa kosa ni la nani? Mkwe mkubwa aliilowesha, mkwe mdogo akaichomeka ingali mbichi. Mimi nawagawia nusu kwa nusu. Wao wenyewe kwanza walirushiana lawama zote, kisha kila mmoja akazivuta zote kwake, na hapo ndipo walipoanza kulia kwelikweli.

*

Ilango, mume wa Kanmani, aliingia amekumbatia boga jeupe la kwenda kupasulia barabarani kufukuza husuda. Kibanda chake kiko Ritchie Street, chini ya ngazi ya duka la spika, na watu humpelekea kompyuta zilizoshindikana kwingine. Mkewe alimwambia yote kwa pumzi moja. Badala ya kuuliza swali, mwanamume alikaa kitako sakafuni na boga lake.

Nyumba nzima ilijua uzito wa habari ile kwa sababu mwalimu alikuwa yeye. Mara ngapi wamemsikia akiwaeleza wateja kwamba kasha la diski ya nje ni fumbo? Ukiwa na bahati, ukilipasua unakuta diski ya kawaida, ile ile ya laptopu, imeungwa na waya kwa kibao kidogo cha umeme cha upana wa kidole gumba. Kibao kikiungua unakitupa, diski unaichomeka kwingine na maisha yanaendelea. Lakini makasha mengi madogo halisi ya kampuni siku hizi, tundu la waya limechomelewa kwenye bodi ya diski yenyewe. Likiungua, huna pa kuchomeka. Hapo utatafuta maabara, utasubiri miezi, na bado hujui utarudishiwa nini.

"Na hii yetu ni ya namna gani?" aliuliza Visalakshi.

Kanmani ndiye aliyejibu. Hii ni halisi ya kampuni, mumewe alimnunulia dukani, mpya, imefungwa kwa karatasi ya zawadi, sikukuu yao ya kwanza ya Deepavali baada ya ndoa. Kwa hiyo ni ile mbaya. Alilisema hilo akimtazama Ilango, akingoja akanushe, na Ilango akalitazama boga.

"Nipe nimpelekee Moideen, dukani kwake," alisema hatimaye. "Nitakwenda peke yangu."

"Kwa nini peke yako?"

"Umechoka."

"Sijachoka."

"Basi jua ni kali."

Kanmani alimjua mumewe kama anavyoujua mshono wake, na hapo palikuwa na uzi umekatika. Akadhani mambo yameharibika kiasi kwamba mume hataki amwone akiambiwa. Na simu nayo haina adabu, ikalia wakati ule ule.

Alikuwa Bi Sornavalli, yule wa Salem. Alitaka kuhakikisha tu. Kuna watu wa mtaa wa maduka wa Thyagaraya Nagar, wenye duka la milango ya vioo, wamemwambia kwamba hawa wa vichochoroni kila siku wana sababu, leo umeme, kesho mgonjwa, keshokutwa sindano imevunjika. Yeye hakuamini, lakini ameona bora aulize. Kila kitu kiko tayari?

"Kiko tayari, mama," alisema Kanmani. Sauti aliyotoa ilikuwa nyembamba hata yeye hakuitambua. "Karibu sana."

Akakata simu, akafunika uso. Visalakshi alikuwa amesikia kila neno, maana Bi Sornavalli huongea na simu kana kwamba Salem ni ng'ambo ya dunia. Na kama kuna jambo linalomchoma mama huyu kuliko mkosi, ni mtu wa nje kumdharau mkwe wake, kazi ambayo anaamini ni yake peke yake.

Alijifunga sari vizuri, akamtaka radhi Saraswati kwa maneno machache, akaichukua diski.

"Twendeni kwa huyo Moideen. Wote."

Ilango akaona upenyo wa mwisho. Akasema kasha lile halina skurubu, hufunguliwa kwa kibapa chembamba, na kibapa chake kimelala pale mbele, mama mwenyewe amekipaka liwa. Hakuna chombo kitakachoguswa mpaka kesho. Labda wangoje kesho.

Visalakshi akatazama huku na huku. Kijiko ni chombo. Kitana amekilaza pia, kwa kuwa nywele nazo zinahitaji baraka. Akafungua kabati, akatia mkono chini ya sari za harusini, akatoa kadi ya plastiki ya mgao wa mchele wa serikali, yenye picha yake akiwa amenuna.

"Hii je? Hii haijawahi kufanya kazi hata siku moja. Inapanga foleni tu."

*

Ritchie Street siku ile imefungwa karibu yote. Milango ya chuma imepakwa liwa, pikipiki zimevishwa mashada, na maboga yaliyopasuliwa yametapakaa njia nzima mpaka unatembea kama mtu anayevuka mto. Kompyuta zote zimelala. Isipokuwa kwa Moideen, ambaye Idi yake ilikuwa imepita na nyingine iko mbali, naye alikuwa kaunta anakula bisi alizopelekewa na majirani.

Moideen na Ilango huitana shemeji, kama vijana wote wa mtaa ule, ingawa hakuna aliyemwoa dada wa mwenziwe. Alimkaribisha mama kiti, akamsalimu Kanmani, akasikiliza. Kisha macho yakamng'aa, kwa sababu Moideen na kasha lisilofunguliwa ni mtoto na peremende. Pale kwake mafundi hubashiri kila kasha kabla ya kulipasua, na anayekosa hununua chai na bajia za pilipili kwa wote.

"Mimi nasema ni ile ya kuchomelewa. Samahani dada, naomba Mungu nikose, lakini ndiyo ninavyosema. Mama?"

"Ya kawaida," alisema Visalakshi. "Nimeipaka kwa mkono wangu huu, haiwezi kuwa mbaya."

"Shemeji?"

"Mimi sichezi."

"Hee! Wewe? Wewe unayebashiri hata basi litakalochelewa?"

Ilango alisema kichwa kinamuuma. Akaongeza kwamba ingekuwa vizuri wanawake wakae pale nje kwenye kivuli, na Moideen ampishe kaunta. Kanmani akaweka kiganja juu ya diski.

"Bwana, kama imekufa, nataka kuiona imekufa. Usinifiche. Chumba ni changu, kazi ni yangu, na kesho nitakayesimama mbele ya yule mama ni mimi."

Ilango akachukua kadi ya mgao, akaingiza ncha yake kwenye ufa wa kasha, akaanza kuitembeza. Vibanio vikaachia kimoja kimoja. Kanmani alikuwa ameshika mkono wa mama mkwe wake, na mama mkwe ameshika wa kwake, na hakuna kati yao aliyekumbuka kwamba saa moja iliyopita walikuwa wakilaumiana. Kifuniko kikatoka.

Moideen akainama. Akalichukua kasha tupu, akaligeuza, akaligonga kwa ukucha.

"Shemeji. Hili kasha ni la gunia."

Kanmani hakuelewa. Moideen akamweleza kwa upole, huku anamkodolea Ilango jicho moja, kwamba kuna makasha matupu ya bandia yanayoletwa sokoni kwa magunia, na jina la kampuni limebandikwa juu kwa gundi. Unanunua kasha, unatia diski yako mwenyewe, unafunga. Kwa hiyo ndani hapa, dada, hakuna cha kuchomelewa. Kuna kibao kimeungua, hiki hapa, cheusi kama mkaa, na kuna diski ya kawaida kabisa.

Akakichomoa kibao. Diski ikabaki peke yake kiganjani, na safu ya meno yake ya kuchomekea ni kavu, safi, liwa haikufika huko. Visalakshi akasema basi Moideen anunue bajia, na akaagiza za vitunguu.

Lakini Moideen alikuwa ameshaigeuza diski upande wa pili. Palikuwa na kikaratasi cha dhamana, kile ambacho kila duka la mtaa ule hubandika kwenye mali yake. Kilikuwa cha duka lake, na mwandiko ulikuwa wake.

"Hii nimeiuza mimi," alisema taratibu. "Nimekuuzia wewe. Hii ilikuwa ndani ya laptopu yako, ile ya rangi ya fedha. Si uliniambia laptopu imeingia maji ya mvua, imekufa na kila kitu chake?"

Ilango alikuwa anatafuta pa kuweka mikono.

"Ikafa, ndiyo. Ukiitoa diski, laptopu si imekufa?"

"Ulifanya kazi kwenye kaunta hii masika yote, umesimama, ukiniazima kompyuta wateja wakiondoka. Tulikuita fundi asiye na kompyuta. Mtaa mzima ulikucheka."

"Nakumbuka. Wewe ndiye uliyeanza."

Kanmani alimwuliza mumewe ni nini hiki. Na Ilango, akiitazama diski badala ya mkewe, akaeleza yaliyomkaa kooni miaka yote. Kwamba wakati ule walikuwa wameoana karibuni tu. Kwamba Kanmani alikuwa anachora kwenye kompyuta za chuo na kila Jumamosi wanazifuta, na jioni moja alirudi, akakaa kitandani bado na viatu, akasema laiti ningekuwa na mahali pa kuweka tausi wangu. Diski mpya wakati ule yeye hakuwa na uwezo nayo hata kwa ndoto. Alichokuwa nacho ni laptopu moja. Kwa hiyo akanunua kasha la gunia, akanunua karatasi ya zawadi yenye nyota, ambayo kusema kweli ilimtoa jasho kuliko kasha.

"Nikasema ni mpya. Ningesemaje? Mke wa fundi apewe diski iliyotumika? Kila ulipowasifia watu kwamba mumeo alikununulia halisi ya kampuni, nilitamani kuingia chini ya meza."

Midomo ya Kanmani ilianza kutetemeka, na Moideen, ambaye ana mke mmoja na anawajua wanawake, akasogeza sanduku la karatasi za kupangusia. Halikuhitajika. Mwanamke aliangua kicheko. Alicheka mpaka akashika kaunta, mpaka muuza chai akachungulia, na machozi yalipokuja yaliikuta njia imeshafunguliwa, yakapita humo humo na kicheko.

"Mwongo mkubwa wewe," alisema akipumua. "Mwongo kabisa. Ingekuwa halisi ningekuwa nimekwisha."

Visalakshi alimpiga mwanawe begani kwa kadi ya mgao, mara mbili, kwa kumdanganya mke na kwa kumfanya yeye mama amlaani mtengeneza mapaa bure kwa ajili ya mvua ile. Kisha akamvuta kichwa akambusu nywele, jambo ambalo hakulifanya tangu Ilango aote ndevu, na Ilango akaona haya mbele za watu.

Moideen akaichomeka diski kwenye kompyuta yake. Ikazunguka, ikatulia, na kioo kikajaa. Tausi. Tembo. Kasuku. Minara. Kanmani aliwaita kwa majina kimyakimya, kama mama anayehesabu watoto wakishuka garini. Wakatolewa nakala, mara mbili, kwenye diski mbili mpya ambazo Moideen alisema watamlipa atakapokuwa mzee. Kabla ya kuzipokea Kanmani alitaka zifunguliwe aone ndani mna nini. Akaambiwa ukifungua dhamana inakufa. Akasema ife. Wanaume walibishana naye hadi bajia zikapoa.

*

Asubuhi ya Vijayadashami, siku ya kuanza mambo, Visalakshi aliviamsha vyombo. Akavisogeza kidogo upande wa kaskazini, akawasha kafuri, na bisibisi zikarudi kuwa bisibisi. Diski zote tatu nazo zilikuwepo, na zilipata liwa, lakini safari hii Kanmani alikuwa amezifunga mfuko wa nailoni. Mama mkwe alipaka juu ya nailoni bila neno, ila alikohoa.

Bi Sornavalli alifika mapema, amefungwa dhahabu mkono mzima, akakitazama chumba kuanzia sakafu mpaka feni. Alisema ni kidogo. Alisema hakina mlango wa kioo. Akakaa, akaanza kuoneshwa nakshi kwenye kompyuta, na kila iliyopita alitikisa kichwa. Tausi amemwona Thyagaraya Nagar. Tembo binti hamtaki. Minara ni mtindo wa bibi yake. Kanmani alizidi kubonyeza, na ulimi ukazidi kukauka, akashuka chini kabisa ya orodha ambako hakuwahi kumpeleka mteja, kwenye vitu alivyochora akiwa mwanafunzi.

"Huyo!" alisema Bi Sornavalli.

Alikuwa kasuku. Kasuku wa kwanza kabisa, mwenye bawa moja kubwa kuliko la pili na jicho lililokaa juu mno, aliyeonekana kushangaa kuzaliwa. Kanmani aliona haya. Akaeleza kwamba huyo alikuwa wa kujifunzia, ana kasoro, atamrekebisha.

"Usimguse," alisema mama wa Salem, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka ikawa ya kawaida. "Binti yangu alikuwa akichora kasuku wa namna hii ukutani akiwa mdogo. Nilimpiga. Tulipaka rangi ukuta. Sasa baada ya wiki mbili anaondoka nyumbani, na nimezunguka maduka yote ya mji huu nikioneshwa kasuku wazuri. Mnizungushie hao mikononi mwa blauzi, wote wawe na jicho hilo hilo."

Akafungua kifurushi, akatoa hariri ya kijani, akaiweka mezani kwa mikono miwili. Visalakshi aliipokea na kuigusisha machoni. Ilango aliipachika kwenye fremu ya cherehani, akaikaza, akarudi nyuma ampishe mkewe. Kanmani akabonyeza. Sindano ikashuka, ikapanda, ikashuka, na wote wanne wakainama juu ya kitambaa wakamngoja kasuku, mpaka jicho lilipotokea pale juu lisipostahili, Bi Sornavalli akacheka kwanza, wao wakafuata.